Makwotabeki Wanaokimbia Katika Futiboli ya Vyuo Vikuu Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwotabeki anayekimbia ni yupi hasa? Si kila kwotabeki hukimbia mara mojamoja?

Hukimbia, ndiyo, ingawa kazi yake kuu, kama kiongozi wa ushambuliaji, ni kuurusha mpira au kumkabidhi mwenzake. Hata mzito kuliko wote, akibanwa na asimwone wa kumrushia, atatafuta upenyo. Tunayemzungumzia hapa ni yule ambaye kocha amempangia kukimbia tangu Jumatatu, mbio zake zikiwa zimeandikwa kwenye kitabu cha mipango sawa na pasi.

Mbio zake ziko za aina tatu, na ni vizuri kutozichanganya. Kuna mbio za kupangwa, ambapo kabla mpira haujaguswa kila mtu wa timu anajua kwamba kwotabeki ndiye mbebaji. Kuna mbio za kusoma, ambapo mbebaji hajulikani mpaka kwotabeki amtazame mlinzi mmoja na kuamua. Na kuna mbio za kuponyoka, pale mpango wa pasi unapovunjika naye akakimbia kuokoa jahazi. Aina ya tatu imekuwapo tangu zamani. Zilizobadilisha mchezo wa vyuo ni mbili za kwanza, hasa ya pili.

Kwa msomaji mgeni wa mchezo wenyewe: kila timu ina watu 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne kusogea yadi 10. Yadi moja ni kama sentimita 91. Kila jaribio huanza kwa senta, mtu wa katikati ya safu ya mbele, kumrudishia kwotabeki mpira kupitia kati ya miguu yake. Tendo hilo tutaliita snepu.

Faida yake iko wapi? Si afadhali akimbie ranibeki, ambaye ndiyo kazi yake?

Jibu ni hesabu ya watu, na ukiishika hii mengine yote yatanyooka.

Kwotabeki wa kawaida akimkabidhi ranibeki mpira, kazi yake kwenye jaribio hilo imekwisha. Anabaki kutazama. Mbebaji mwenyewe hawezi kuzuia mtu, kwa hiyo wanaobaki kumfungulia njia ni 9, na mbele yao wapo walinzi 11. Hata kila mzuiaji akishinda pambano lake, walinzi wawili wako huru. Kwa miaka mingi ushambuliaji uliishi na deni hilo la watu wawili na kulilipa kwa nguvu, ujanja au tishio la pasi.

Sasa kwotabeki abebe mpira mwenyewe na ranibeki awe mzuiaji. Wazuiaji wanakuwa 10, mlinzi huru anabaki mmoja. Bill Snyder alilijenga Kansas State juu ya jambo hili, kwanza na Michael Bishop miaka ya 1990, kisha na Collin Klein, ambaye mwaka 2011 alifunga tachidauni 27 (yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) kwa kukimbia.

Mbio za kusoma zinaenda mbele zaidi. Mlinzi mmoja anaachwa bila kuzuiwa kwa makusudi. Kwotabeki anamtazama na kufanya kinyume cha alichoamua mlinzi yule. Hajaguswa na mtu, lakini ameondolewa mchezoni, na yule mzuiaji aliyepaswa kumshughulikia ametumwa kwa mtu mwingine. Kwa laini ya mbele ya watu watano, wale wazuiaji wanaosimama mbele ya kwotabeki, unaweza kuwakabili walinzi sita: watano wanazuiwa, wa sita anasomwa.

Zoni ridi, mfano wa mbio za kusoma, inafanywaje, hatua kwa hatua?

Tuchukue ile ya kwenda kulia. Kwotabeki anasimama yadi 5 hivi nyuma ya senta. Ranibeki yuko kushoto kwake, umbali wa kama yadi moja na nusu. Laini yote ya mbele itapiga hatua kuelekea kulia, kila mmoja akimzuia aliyeko kwenye eneo lake badala ya kumfuata mtu fulani. Mlinzi wa ukingo wa kushoto, yule wa mwisho kabisa kwenye laini ya wapinzani, haguswi. Huyo ndiye anayesomwa.

Kabla ya snepu, kwotabeki anahesabu walinzi walio karibu na laini (mstari ulipowekwa mpira), anamtambua mlinzi wa ukingo, kisha anaangalia ni nani aliyesimama nyuma yake. Jambo hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalowaangusha (tutalifikia chini).

Snepu ikifika, macho yanauacha mpira mara moja na kuhamia kwa mlinzi. Mikono inapaswa kujua njia yenyewe. Kwotabeki anaunyoosha mpira kwa mikono miwili hadi tumboni mwa ranibeki anayepita mbele yake kwenda kulia, na anausindikiza kuanzia nyonga yake ya nyuma hadi usawa wa nyonga ya mbele. Muda wote wa kuamua ni huo, chini ya sekunde moja.

Anatazama mabega. Mabega ya mlinzi yakigeuka kuelekea ndani na miguu ikaanza kumkimbiza ranibeki, kwotabeki anauvuta mpira na kutoka kushoto, mahali palepale mlinzi alipopahama. Mabega yakibaki sambamba na laini, mlinzi akisubiri, mpira anaachiwa ranibeki. Ukiwa na shaka, mpe ranibeki. Makocha hulirudia hilo kila siku ya mazoezi kwa sababu mpira uliotolewa kwa wasiwasi huzaa yadi mbili, ila uliovutwa kwa wasiwasi huishia chini.

Ranibeki naye ana nidhamu yake. Haruhusiwi kuunyakua mpira. Anaufunika kwa mikono kwa wepesi, mkono wa juu ukiwa usawa wa kifua na wa chini tumboni, na anaukaza pale tu anaposikia kwotabeki ameuachia.

Akishautoa mpira, kwotabeki anaendelea kukimbia kushoto kana kwamba anao. Akilegea, mlinzi atajua, na jaribio linalofuata litakuwa gumu. Akiuvuta, anapita nje ya kisigino cha mlinzi na kukata kwenda mbele papo hapo. Kukimbia kwa upana kuelekea mstari wa pembeni ni kuwapa walinzi muda wa kufika.

Ni nini huharibika mara nyingi?

La kwanza ni mpira kuanguka pale mikono inapokutana. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: kwotabeki kachelewa kuamua, ranibeki kaukaza, wote wawili wanavuta. Mvua na baridi huzidisha. Dawa ni mazoezi ya wawili hawa peke yao, mara nyingi kila siku, kocha akisimama mahali pa mlinzi na kuchagua bila kuwaambia.

La pili ni umbali. Ranibeki akisimama karibu mno hufika mapema kuliko macho ya kwotabeki. Akisimama mbali, mlinzi wa ukingo anapata nafasi ya kusubiri na bado akawahi. Tofauti ya nusu yadi inatosha kuliua jaribio zima.

La tatu ni kwotabeki aliyeamua kabla. Anajua kocha anataka mbio, au anautaka mpira mwenyewe, basi anavuta bila kusoma. Ukiona kwotabeki anaangushwa na mlinzi wa ukingo aliyesimama wima akimsubiri, hilo ndilo lililotokea. Laini ya mbele haina kosa.

Jambo hili lilianza lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kumwacha mlinzi bila kumzuia na kumlazimisha achague kulizaliwa Missouri mwaka 1941, Don Faurot alipotengeneza mpangilio wa T iliyopanuliwa. Bud Wilkinson akauchukua hadi Oklahoma, na timu yake ikashinda mechi 47 mfululizo kati ya 1953 na 1957, rekodi ambayo hadi leo imesimama katika ngazi ya juu.

Katikati ya miaka ya 1960 Bill Yeoman wa Houston akaongeza msomwaji wa pili, yaani mlinzi wa pili wa kusomwa: opsheni ya watu watatu. Kwotabeki anaweza kumpa mbebaji wa ndani, kukimbia mwenyewe, au kumrushia wa nje kwa mkono. Mwaka 1968 Emory Bellard, msaidizi wa Darrell Royal kule Texas, akawapanga wabebaji watatu nyuma ya kwotabeki kwa umbo la Y, ndiyo wishboni. Mwanzo ulikuwa mbaya, sare na Houston kisha kipigo cha Texas Tech. Royal akambadilisha kwotabeki na kumweka James Street. Texas ikashinda mechi 30 zilizofuata, na Street hakupoteza hata moja kati ya 20 alizoanza. Mwaka 1971 Oklahoma, na wishboni yake chini ya Jack Mildren, ilikimbia wastani wa yadi 472.4 kwa mechi. Hakuna timu iliyofika hapo tena.

Nebraska ya Tom Osborne ndiyo iliyokuwa kilele cha zama hizo. Tommie Frazier aliwapa ubingwa wa 1994 na wa 1995, na katika fainali ya Fiesta dhidi ya Florida, Januari 1996, alikimbia yadi 199. Mojawapo ya mbio hizo ilikuwa ya yadi 75, akiwachomoka walinzi waliokuwa wamekwisha kumshika. Matokeo: 62 kwa 24. Anayetaka kuelewa opsheni ya zamani aanze na mechi hiyo.

Udhaifu wa opsheni ile ulikuwa pasi. Timu ikitanguliwa kwa pointi 17 haikuwa na njia ya haraka ya kurudi. Vijana hodari wa kurusha walizikwepa timu hizo, na miaka ya 1990 ilipofika vyuo vingi vilikuwa vimeiacha.

Basi ilirudije?

Ilirudi kupitia chuo kidogo cha West Virginia kinachoitwa Glenville State. Rich Rodriguez alikuwa kocha pale mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na mpangilio wa kutawanya wapokeaji uwanja mzima na kwotabeki aliyesimama mbali na senta. Katika jaribio moja kwotabeki wake, Jed Drenning, alikosea kukabidhi mpira, akamwona mlinzi wa ukingo akimkimbilia ranibeki, naye akaondoka na mpira upande ulioachwa wazi. Kocha alimuuliza kwa nini amefanya vile. Jibu lake likawa mpango.

Ukubwa wa jambo lile uko hapa: opsheni ya zamani iliwabana watu wote karibu na laini, ilhali hii ilifanyika huku wapokeaji wanne wametawanyika, na tishio la pasi likiwa hai kila mara. Hesabu ya watu ilirudi bila ule udhaifu wa kale.

Rodriguez aliipeleka Tulane, ambako mwaka 1998 Shaun King na wenzake hawakufungwa mechi yoyote. Halafu Clemson, ambako Woodrow Dantzler mwaka 2001 alikuwa wa kwanza kupita yadi 2,000 za pasi na 1,000 za mbio katika msimu mmoja. Halafu nyumbani West Virginia, kwa Pat White. Wakati huohuo makocha wengine walikuwa wanajifunza kwake. Northwestern walikwenda kujifunza kwa Rodriguez, na mwaka 2000 wakaifunga Michigan 54 kwa 51, mechi iliyowaamsha makocha wengi waliodhani huu ni mchezo wa vyuo vidogo. Urban Meyer akaubeba hadi Utah na Florida. Chip Kelly kule Oregon akauongezea kasi, akiwanyima walinzi hata nafasi ya kubadilisha wachezaji. Chris Ault wa Nevada akatafuta njia yake: mwaka 2005 alimweka kwotabeki yadi 4 nyuma ya senta na ranibeki yadi 3 nyuma yake moja kwa moja, hivyo mlinzi hawezi kujua mpango unaelekea upande gani. Katika mfumo huo Colin Kaepernick alikusanya zaidi ya yadi 10,000 za pasi na 4,000 za mbio.

Ni mechi gani iliyowashawishi wote?

Januari 4, 2006, Rose Bowl, iliyokuwa fainali ya ubingwa wa msimu ule. Southern California walikuja na mechi 34 bila kupoteza. Vince Young wa Texas alirusha yadi 267, akakimbia 200, akafunga tachidauni tatu kwa miguu. Ya mwisho ilikuwa jaribio la nne, yadi 5 zikihitajika. Alitazama wa kumrushia, akaona kona ya kulia iko wazi, akaingia akiwa amesimama. Zilikuwa zimebaki sekunde 19. Texas 41, Southern California 38. Msimu ule Young alikuwa wa kwanza kufikisha yadi 3,000 za pasi pamoja na 1,000 za mbio.

Ila kwa maoni yetu uthibitisho mkubwa zaidi ni Alabama ya Nick Saban, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na ulinzi bora nchini. Cam Newton wa Auburn aliwageuzia mechi ya 2010 kutoka 24 kwa 0 hadi ushindi wa 28 kwa 27. Johnny Manziel wa Texas A&M akawafunga mwaka 2012 nyumbani kwao. Deshaun Watson wa Clemson aliwasumbua kwenye fainali mbili mfululizo na kuishinda ya pili, Januari 2017. Kufikia msimu huo wa 2016 Saban mwenyewe alikuwa amemkabidhi usukani Jalen Hurts, kijana wa mwaka wa kwanza aliyekimbia yadi 954. Mwalimu wa ulinzi akikubali, mjadala umekwisha.

Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mwaka vyuoni, inasema nini?

Inasema mengi. Eric Crouch wa Nebraska aliichukua 2001. Kisha Tim Tebow wa Florida 2007, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kwanza kuipata, na wa kwanza kufunga tachidauni 20 kwa pasi na 20 kwa mbio katika msimu mmoja. Newton 2010, akiwa na yadi 1,473 za mbio. Robert Griffin wa Baylor 2011. Manziel 2012, wa kwanza kuipata akiwa mwaka wake wa kwanza wa kucheza. Marcus Mariota wa Oregon 2014. Lamar Jackson wa Louisville 2016, yadi 3,543 za pasi na 1,571 za mbio. Kyler Murray wa Oklahoma 2018. Jayden Daniels wa LSU (Louisiana State) 2023, ambaye dhidi ya Florida alirusha zaidi ya yadi 350 na kukimbia zaidi ya 200 katika mechi moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ngazi ya juu.

Kwa nini vyuo vilitangulia, NFL, ligi ya kulipwa, ikafuata baadaye?

Sababu ziko kadhaa. Uwanja ni ule ule kwa upana, futi 160, lakini mistari midogo ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi iko mbalimbali: futi 40 vyuoni, futi 18 na nusu NFL. Mpira ukianza kwenye mstari wa kushoto vyuoni, upande wa kulia una futi 100. Walinzi hawawezi kulifunika eneo hilo bila kupunguza watu karibu na laini, na hapo kwotabeki anayekimbia anapata hesabu anayoitaka.

Ya pili ni tofauti ya vipaji. Chuo kikubwa hukutana na mlinzi wa ukingo mwepesi kuliko kwotabeki labda mara mbili kwa msimu. NFL hukutana naye kila wiki. Mlinzi wa namna hiyo humkimbilia ranibeki hatua mbili, akageuka, na bado akamwahi kwotabeki.

Ya tatu ni muda. NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo, imeweka kikomo cha saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu. Kumfundisha kijana wa miaka 18 kusoma sehemu zote za ulinzi ili arushe kwa usahihi huchukua miaka. Kumfundisha kumsoma mtu mmoja kunawezekana kabla ya msimu kuanza.

Na kuna pesa. Kwotabeki wa NFL ni mkataba mkubwa kuliko wa yeyote klabuni, kwa hiyo wamiliki walikuwa wagumu kumtuma kati ya walinzi.

Rangi ya ngozi iliingiaje katika hadithi hii?

Iliingia kwa ubaya, na kuiruka ni kudanganya. Kwa miongo kadhaa kijana mweusi aliyecheza kwotabeki sekondari alipofika chuoni alihamishwa kuwa mpokeaji au mlinzi, kwa dhana kwamba nafasi hii inahitaji akili na uongozi ambao hakuaminiwa kuwa nao. Waliovunja ukuta huo walikuwapo: Sandy Stephens aliiongoza Minnesota kwenye ubingwa wa 1960, na mwaka 1972 Condredge Holloway wa Tennessee alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl ya 1978 akiwa na Washington, na bado hakuna timu ya NFL iliyomchagua; akaenda Kanada.

Opsheni ilifungua mlango, lakini ilikuja na jina la kudumu: ukikimbia vizuri, basi hujui kurusha. Moon alikuwa mrushaji safi na jina hilo alibandikwa vilevile. Lamar Jackson, akiwa na Heisman mkononi, bado alikuta watu wakijadili hadharani kama abadilishwe nafasi. Ukisikia mtangazaji anamsifia mmoja kwa akili na mwingine kwa miguu, kumbuka kwamba zoni ridi ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya miguu.

Takwimu za mbio zake zinaaminika?

Kwa tahadhari. Vyuoni, kwotabeki akiangushwa nyuma ya laini kabla ya kurusha, yadi zilizopotea zinatolewa kwenye mbio zake. NFL inazitoa kwenye pasi za timu. Tuseme amekimbia mara 10 na kupata yadi 70, kisha akaangushwa nyuma mara 4 na kupoteza 30. Karatasi ya matokeo itaandika mbio 14, yadi 40. Mtu asiyejua ataona wastani wa chini ya yadi 3, kumbe alipokimbia kweli alipata 7. Kwa hiyo usimlinganishe wa chuo na wa NFL bila kwanza kurekebisha hesabu hiyo.

Walinzi wanajibu vipi?

Jibu la kwanza lilikuwa kubadilishana kazi. Mlinzi wa ukingo anamkimbilia ranibeki makusudi, kwotabeki anasoma "vuta", anatoka nje, na anakuta lainibeki (mlinzi wa safu ya pili) aliyezunguka nyuma ya mwenzake akimsubiri. Ndiyo maana tulisema atazame aliyesimama nyuma ya msomwaji. Ushambuliaji ulijibu kwa kumtuma taiti endi (mzuiaji wa mwisho wa laini, anayeweza pia kupokea pasi) avuke kutoka upande wa pili: anampita mlinzi wa ukingo bila kumgusa na kumzuia lainibeki yule.

Jibu la pili ni mlinzi wa ukingo kuganda. Hasogei ndani wala nje, mabega yamenyooka, anacheza na muda ili wenzake wafike. Kwotabeki mchanga husitasita na mpira huanguka.

Dhidi ya mbio za kuponyoka, kosa kubwa ni kumkaba kila mpokeaji mtu kwa mtu. Walinzi wanawapa migongo, na kwotabeki akipita laini hakuna anayemwona. Makocha wengine humteua mlinzi mmoja asifanye lolote ila kumfuata kwotabeki. Inafaa iwapo mlinzi huyo ana kasi ya kutosha. Asipokuwa nayo, umejipunguza mtu bure.

Mipango ya mbio-au-pasi ni kitu hichohicho?

Ni ndugu yake. Hapa anasomwa lainibeki au sefti (mlinzi wa nyuma kabisa), na badala ya kukimbia kwotabeki anarusha pasi fupi pale mlinzi alipopahama. Laini ya mbele inazuia kama mbio. Sheria za vyuo zinaiwezesha: mtu wa laini anaruhusiwa kufika hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa, wakati NFL ni yadi 1. Kwotabeki akichelewa nusu sekunde, mzuiaji wake atakuwa amepita yadi 3 na timu itaadhibiwa.

Je, haumii zaidi?

Si rahisi kusema moja kwa moja. Tebow aliumia kichwa dhidi ya Kentucky mwaka 2009 akiwa amesimama anataka kurusha. Anayerusha hukaa wima, macho mbali, na pigo linamkuta hajajiandaa. Lakini Colt McCoy wa Texas aliumia bega mapema kwenye fainali ya msimu uleule, Januari 2010, akiwa amebeba mpira katika mbio za kupangwa, na Texas ikafungwa na Alabama 37 kwa 21.

Kinachomlinda ni kujua kumaliza. Akiteleza miguu mbele, mpira unakufa (jaribio linaisha) pale alipoanza kuteleza na hairuhusiwi kumpiga. Anayeteleza kwa kuchelewa, kifua kikiwa mbele, hujiumiza mwenyewe. Kujifanya anateleza kisha aendelee hakuruhusiwi tena: Kenny Pickett wa Pittsburgh alifanya hivyo dhidi ya Wake Forest Desemba 2021, walinzi wakasimama, akafunga kwa mbio za yadi 58. NCAA ikafafanua upesi kwamba ishara ya kuteleza inaua mpira.

Opsheni ya zamani imekufa?

Bado iko katika vyuo vya kijeshi, ambavyo haviwezi kupata watu wa laini wenye kilo 145. Keenan Reynolds wa Navy alimaliza mwaka 2015 akiwa na tachidauni 88 za mbio. Malcolm Perry, wa Navy pia, alikimbia yadi 2,017 mwaka 2019 akiwa kwotabeki. Tangu 2022 sheria imezuia kuwazuia watu chini ya kiuno nje ya eneo la laini, silaha kubwa ya opsheni, na timu hizo zikalazimika kubadilika. Army walisogeza kwotabeki nyuma kidogo, wakarudi kwenye mbio za nguvu, na mwaka 2024 Bryson Daily alifunga tachidauni 32 kwa miguu huku timu ikishinda mechi 12.

Nikitazama mechi, niangalie nini?

Acha kuufuata mpira. Kabla ya snepu, tafuta upande alikosimama ranibeki. Mlinzi wa ukingo wa upande huohuo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kusomwa. Snepu ikipigwa, mtazame yeye tu. Ukiona hakuna aliyemgusa, umeipata. Kisha linganisha alivyogeuka na alichofanya kwotabeki. Baada ya majaribio kama kumi utaanza kutabiri.

Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki: mechi nyingi ni Jumamosi. Zinazoanza saa sita mchana New York huanza saa moja jioni kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam. Zile kubwa za usiku, saa moja na nusu kwa saa za kule, huangukia saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Mwanzoni mwa Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, kwa hiyo kuanzia hapo ongeza saa moja: ile ya mchana inakuwa saa mbili usiku, na ile ya usiku saa tisa na nusu.